Safari ya Kumtoa Mjomba Ndani ya Pipa

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake na kila mmoja nimemjibu nusu, kwa hiyo pale kwenye cherehani zetu sasa kuna hadithi nne na zote si kweli. Mmoja anasema nilikwenda kuzika. Mwingine anasema nimekwenda Kigoma kuolewa, na mzee niliyerudi naye ndiye bwana harusi. Basi naandika mara moja, msome wote, kisha mniache nishone. Habari za tiketi na ruhusa tuziache, hazina ladha.

Yote yalianza na simu ya Bi. Tausi, mkaza mjomba wangu wa Ujiji. Alimpigia mama kumwambia kwamba Mjomba Yasini, mdogo wake mama wa tumbo moja, mzee wa miaka sabini na ushee, atashuka chini ya ziwa Ijumaa baada ya swala, ndani ya nyambizi aliyoichomelea kwa mikono yake. Mnamjua mama, miguu haimbebi tena lakini ulimi uko timamu. Aliweka simu juu ya mto wake wa kulalia, kisha akaniambia niende nikamtoe mdogo wake kwenye hilo pipa kabla halijawa kaburi.

Nilishtuka, lakini si sana. Mjomba Yasini kwetu alikuwa jina la kuchekea. Mtoto akivunja redio akitaka kuona ndani kuna nani, tulikuwa tukisema huyo kamrithi Yasini. Sikuwahi kumwona kwa macho. Mama aliondoka Ujiji mimi nikiwa tumboni, baba yangu Selemani akiwa amefariki kwa homa, na hakurudi tena. Hata mawese hakuyataka ndani ya nyumba yake. Jirani mmoja wa Kigoma aliwahi kutuletea chupa, na kabla hajafika kwake mama alikuwa ameshaigawa kwa wapita njia. Mimi nilidhani ni maringo tu.

Nikawaza kwamba nikishafika, nitamkalisha mzee chini, nitalizuru kaburi la baba, kisha nitarudi.

Morogoro hadi Tabora

Treni ilikuwa ifike Kigoma Alhamisi asubuhi. Nilipiga hesabu kwamba nitapata siku nzima ya kubishana na mzee kabla ya Ijumaa, na mimi kwa kubishana mnanijua.

Kiti cha mbele yangu alikaa mama mmoja wa Kidahwe, Mama Editha, mkulima, aliyekuwa anatoka Dodoma kumwona mjukuu. Alikuwa na ndoo yenye mfuniko iliyofungwa kwa kanga mbili, na mpaka tunaipita Manyoni sikujua ndani mna nini. Aliifungua akatoa ugali wa muhogo na samaki wanaoitwa migebuka, wamelala kwenye mchuzi mwekundu wa mawese. Alinikaribisha. Nilisema kwetu hatuli mawese. Aliniangalia kama nimemwambia kwetu hatunywi maji, akanimegea ugali, akachovya, akanipa mkononi. Nilikula kwa adabu, tonge la pili nikala kwa hiari, na la tatu nililifuata mwenyewe ndoani.

Tulipozoeana nikamwambia nimetumwa na nini. Nilitegemea acheke. Badala yake uso ulimnawiri, akaniuliza kama ni yule Yasini wa boti ya moshi.

Mimi boti ya moshi sikuwahi kuisikia. Mama Editha ndiye aliyenieleza, huku akichambua mifupa ya samaki. Alisema Yasini alikuwa fundi kijana kwenye karakana ya reli, enzi zile vichwa vya treni vya moto vinatolewa kazini kimoja baada ya kingine. Aliokota birika la chuma, lile tangi la kuchemshia maji ya mvuke, kwenye kichwa kimoja kidogo, akalipeleka ufukweni Katonga, akaliweka ndani ya boti ya mbao. Kuni hazikuwa zinamtosha, akawa anachoma maganda ya mise, zile kokwa za michikichi zinazobaki watu wakishakamua mafuta. Yanawaka sana yale. Mama Editha alikuwa msichana wa kubeba mihogo sokoni, akaiona ikijaribiwa imefungwa kamba, ikapiga honi, na wanawake wakaacha samaki juani wakakimbia kuitazama.

Mtu tuliyemcheka miaka yote alitengeneza meli ya mvuke.

Nikamuuliza boti hiyo iko wapi sasa. Alitazama nje dirishani, akaniuliza mimi hasa ni mtoto wa nani. Nikamwambia wa Selemani. Hapo akanisogezea ndoo yote, akasema nile nishibe. Nilidhani nimemkera, na mpaka Tabora sikuuliza tena.

Tulipokaa baada ya Kaliua

Mvua ilikuwa imekula tuta la reli mbele yetu. Treni ilisimama porini Jumatano alasiri, mafundi wakaja na kokoto, wakaondoka, wakarudi. Alhamisi nzima tulikuwa palepale. Watu walishuka wakapika, wakafua, wakaanika nguo kwenye ngazi za mabehewa. Kinyozi mmoja aliyekuwa abiria alifungua kazi kabisa.

Mimi nilikuwa nazunguka na simu nikitafuta mtandao juu ya kila kichuguu. Nilipoupata, simu ya mjomba ilikuwa imezimwa. Ya Bi. Tausi iliita, akapokea, nikamwambia kwa sauti ya juu kwamba nipo njiani na mjomba asishuke mpaka nifike. Akafurahi mno. Akasema hilo halina shaka kabisa, hawawezi kuanza bila mimi, watanisubiri. Mtandao ukakata.

Nikamwambia Mama Editha kwamba nimeshinda hata kabla ya kufika. Yeye akatikisa kichwa tu. Baadaye, wakati anakunja kanga zake, alinishika mkono akasema nikifika nimuulize Bi. Tausi kaburi la baba yangu liko wapi, tena niulize nikiwa nimekaa. Sikumwelewa, na alikataa kuongeza neno.

Stesheni ya Kigoma hadi Ujiji

Tuliingia Kigoma Ijumaa, watu wanaelekea msikitini. Mama Editha aliniaga kwa "Mwidiwe," salamu ya kwao, akapanda gari la Kasulu linalopita kwao. Mimi nilichukua bodaboda. Nilipomtajia dereva nyumba ya Mzee Yasini, aliniuliza kama na mimi naenda kutazama Pipa. Nikamwambia naenda kulizuia. Akacheka, akasema basi nitakuwa peke yangu.

Nyumba ya mjomba iko Ujiji uchochoroni, na kabla sijaiona niliisikia. Uani kulikuwa na wanawake si chini ya ishirini, masufuria ya pilau juu ya mafiga, vitunguu vinakatwa. Bi. Tausi, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, alinikumbatia akalia. Wengine wakaanza kunitazama na kuambiana, mtoto wa Selemani amefika, mtoto wa Selemani amefika. Nilipewa maji ya kunawa kama mgeni wa heshima. Mnajua mtu akipokelewa vizuri kupita kiasi anavyoanza kuogopa.

Nikasema nimekuja kumzuia mjomba. Bi. Tausi akanitazama asielewe. Yeye alimpigia mama simu kutuita. Alimwambia kwamba shughuli ni Ijumaa, na lazima mtu wa damu ya Selemani awepo, maana wenye marehemu ni sisi. Pilau lile lilikuwa la kisomo.

Nikakumbuka maneno ya Mama Editha, nikakaa kwenye kigoda. Nikauliza kaburi la baba yangu liko wapi.

Aliyekuwa anakata vitunguu akaacha. Bi. Tausi alichuchumaa mbele yangu. "Mama yako hakukwambia?" Nikasema mama aliniambia homa. Akanyoosha mkono kuelekea ziwani, juu ya paa la choo cha jirani, akauacha hapo.

Baba yangu hakufa kwa homa. Alikuwa mchocheaji wa boti ya moshi, na alizama nayo siku ya kwanza ilipofunguliwa kamba, mbele ya umati wote wa Katonga. Ufukwe pale unashuka kina ghafla, na hakupatikana. Dua ya matanga ilisomwa siku tatu, na ya nne mama akapanda treni. Nilikaa kwenye kigoda kile na nina miaka arobaini na sita, na ndiyo kwanza naambiwa baba yangu yuko wapi. Nilitaka kumpigia mama nimgombeze, nikashindwa hata kuitafuta namba.

Ukutani sebuleni palikuwa na ukurasa wa kitabu cha shule, umeliwa na mende sehemu ya jina. Ni picha ya Mzungu wa zamani, mmoja wa wale wa mwanzo waliotengeneza boti za mvuke, na nyambizi pia. Bi. Tausi alisema mjomba huutazama kila asubuhi kabla ya chai, kwa sababu yule naye walimcheka.

Katonga

Swala ilikuwa imekwisha. Tulifika Katonga, wachuuzi wamesogeza chanja za dagaa kupisha watu. Juu ya magogo, pua ikiwa majini, ndipo nilipoliona Pipa. Ni tangi la gari la mafuta, limekatwa na kufungwa upya, limepakwa rangi ya bluu, lina madirisha mawili ya kioo kinene, ukubwa wa sahani, pedeli za baiskeli za kuzungushia pangaboi, na nyavu mbili za mawe ya kulizamisha zinaning'inia ubavuni. Mimi ni fundi nguo, jicho langu linakwenda kwenye mshono. Mishono ya chuma ilikuwa imenyooka, lakini raba ya dirisha moja ilikuwa imeungwa, na muungo ule sikuupenda.

Mjomba Yasini alitoka nyuma yake akijifuta mikono. Jamani, ana uso wa mama. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Dodoma na yote yakanitoka. Nikasema shikamoo. Akaitika, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia nina paji la Selemani.

Alinieleza mpango bila kuzungukazunguka. Boti imelala kwenye kitako cha mwamba, pima kumi na nane chini, kama mita thelathini na tatu. Ameupata mwamba huo kwa kamba na risasi ya mshipi, miaka na miaka. Atashuka, ataiona, atamsomea Selemani dua akiwa karibu naye, atapanda. Mtumbwi utakuwa juu na watu wawili wameshika kamba yenye mafundo, fundo moja kila pima.

Nikamwambia mama amesema usishuke. Akasema anajua mama amesema hivyo, na atamwomba radhi. Nikamwambia basi mimi ninakataa. Akasema mimi ni mgeni, nipumzike.

Hapo nikapandwa na hasira, na mnajua nikipandwa na hasira sifikiri. Pipa lilikuwa na viti viwili, cha nyuma ni cha mtu wa pampu ya hewa. Nilipandisha gauni, nikapanda ngazi, nikaingia, nikakaa kwenye kiti cha nyuma, nikasema sitoki. Nilijua hawezi kunitoa mle kwa nguvu mbele ya watu. Jua lingezama, watu wangekula pilau lao, siku ingekuwa imeharibika na mzee angekuwa hai.

Umati ukapiga vigelegele. Walidhani nimekubali kumfuata baba yangu.

Mjomba alichungulia. Kisha akaingia, akakaa kiti cha mbele, akaufunga mfuniko, akakaza nati nne.

Pima saba

Sauti za watu zilikatika mara moja, kama mtu aliyezima redio. Tukaburuzwa, tukaelea, tukavutwa mbele na mtumbwi. Nililia, sina haja ya kuficha. Nilipiga kelele afungue, na sauti yangu ikanirudia masikioni. Mjomba alisema kwa upole kwamba tukifungua sasa tutajaa maji, kwa hiyo nipampu mara tatu kisha nisubiri, mara tatu kisha nisubiri. Nikapampu. Mtu akiwa na kazi mkononi anaogopa kidogo.

Watu wa mtumbwini wakalegeza kamba, mawe yakatushusha. Maji dirishani yalikuwa meupe, yakawa ya kijani, yakawa ya bluu. Dagaa walipita wengi, wote wakageuka kwa pamoja. Chuma kilikuwa kinalia. Mjomba alihesabu mafundo ya kamba yanavyotikisa kengele ndogo juu yake, moja, mbili, tatu. Na huku anahesabu ndipo aliponiambia, amenipa mgongo, kwa sababu viti vimekaa hivyo.

Alisema boti ile waliiziba nyufa kama mababu zao wote walivyoziba mitumbwi na maboti, kwa pamba iliyokorogwa na mawese yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito. Kwenye maji ya ziwa mawese hayo yanaganda, hayana shida. Hakuna aliyewahi kuweka moto wa treni juu ya mbao zilizozibwa hivyo. Nusu saa baada ya kuondoka, chini ya birika, mawese yakaanza kuyeyuka, pamba ikatoka, maji yakaingia kutoka kila upande. Mitumbwi ya watazamaji ilikuwa imewazunguka, imejaa watu. Birika likiguswa na maji baridi lingepasuka katikati yao. Selemani akasema yeye atautoa moto na kuufungua mvuke.

"Akaniambia ruka," mjomba alisema. "Nikaruka."

Akaendelea kuhesabu, nne, tano, sita.

Kwenye fundo la saba nilihisi tone shavuni. Dirisha langu, kwenye ule muungo wa raba. Kisha likawa uzi wa maji. Niliweka kidole gumba, nikabana. Mjomba aligeuka, akakiona kidole changu.

Sasa hapa ndipo mtakaposhindwa kunielewa, na mimi mwenyewe bado najishangaa. Nilikuwa nimesafiri siku nne kumzuia mtu huyu. Lakini baba yangu alikuwa pale chini, karibu kuliko alivyowahi kuwa tangu nizaliwe, na kidole changu kilikuwa kinatosha ule upenyo.

"Endelea, mjomba," nikasema. "Nimebana."

Akatikisa kichwa. "Baba yako naye alisema amebana," akasema. "Leo simwachi mtu."

Akavuta kamba mbili. Nyavu za mawe zikakatika, na Pipa likarukia juu kwa kasi iliyonigonga kichwa. Tulipochomoza mwangani mjomba alikuwa analia kwa sauti, na mimi kidole changu kilikuwa bado kipo dirishani. Watu wa mtumbwini ndio walionitoa.

Dua tuliisoma mtumbwini, juu ya mahali penyewe. Nilitupa ua moja la mkarafuu alilonipa Bi. Tausi, likaelea muda mrefu. Jioni tulikula pilau, na watu wa Katonga walinisifu kwa ujasiri. Sikuwa na nguvu ya kuwasahihisha.

Mjomba hakula. Asubuhi alikuja na mkoba mdogo na chupa ya mawese ya zawadi, akasema ana jambo la kumwambia dada yake, na jambo hilo halisemwi kwenye simu.

Kurudi Morogoro

Njia nzima alijizoeza. Nilimsikia akinong'ona dirishani, kwamba yeye ndiye aliyechora boti, yeye aliyechagua mawese, yeye aliyeruka. Chupa niliificha chini ya nguo zangu, maana nilijua mama akiiona patakuwa na vita.

Tulifika nyumbani saa nne asubuhi. Mama alikuwa amekaa kitandani, ameelekea mlango. Hawakuonana tangu mimi nikiwa tumboni. Mjomba alipiga magoti pale mlangoni na mkoba wake begani, akafungua mdomo, na mama akamwahi.

"Yasini, nisamehe," mama akasema. "Mawese niliyachemsha mimi."

Mama akaendelea, macho yakiwa ukutani. Kazi ile ilikuwa ya wanawake, na siku ile ilikuwa zamu yake. Mvua ilitanda, akaogopa moto utazimika, akaepua mapema kabla mawese hayajawa mazito sawasawa. Akayatoa hivyohivyo, na hakumwambia mtu. Mumewe akazama. Alipanda treni kwa sababu hakuweza kukaa eda kwenye nyumba ya mtu aliyemuua mwenyewe. Miaka arobaini na sita yote amenificha si kwa ajili ya Yasini, bali kwa ajili yake mwenyewe.

Mshtuko wote wa Katonga ulikuwa cha mtoto.

Mjomba alijikokota kwa magoti mpaka kitandani, akamshika mama miguu yake ile isiyotembea.

"Dada," akasema, "ungeyachemsha hata wiki nzima, yangeyeyuka vilevile. Mawese ni mawese. Lile lilikuwa birika la treni."

Mama akamtazama usoni. Aliuliza kama ana hakika. Mjomba akasema yeye ni fundi, na amelijaribu hilo kwenye sufuria mara nyingi kuliko siku alizolala. Mama akauliza tena, akajibiwa tena. Kisha akageuka kwangu, akaniuliza kama kule Ujiji hawakunipa hata chupa moja.

Nikaitoa chini ya nguo. Akaifungua mwenyewe, akainusa, akasema haya yamechemshwa vizuri, nikaweke maharage jikoni.